Mume wangu si kigeugeu

Mhariri,

Jumanne iliyopita mume wangu alikuwa akinisomea ukurasa wenu wa afya kwa sauti, nami nikikunja nguo. Makala ilihusu kuacha sigara, na chini yake mlieleza kwamba imetafsiriwa kutoka Kiingereza. Alipofika kwenye sentensi isemayo "wavutaji wengi ni vigeugeu kuhusu kuacha", alinyamaza. Akairudia kimoyomoyo, niliona midomo yake ikicheza. Kisha akalikunja gazeti, akaliweka mezani na kusema, "Haya mama, leo gazeti limenipa jina." Akatoka nje. Alikwenda kuvuta, bila shaka.

Nilikuwa mkalimani wa hospitali kwa miaka 19 kabla ya kustaafu, na nilihisi mara moja ni neno gani la Kiingereza limejificha nyuma ya "vigeugeu" hao. Nikaitafuta makala ya asili kwenye intaneti, nikalikuta limekaa palepale nilipolitarajia: "ambivalent". Nikakumbuka kwamba mwezi uliopita, katika habari ya vijana na ndoa, mliandika kuwa vijana "hawajali" kuoa wala kuolewa. Nikaitafuta nayo. Neno lilelile.

Sasa, Mhariri, neno moja haliwezi kuwa kigeugeu mwezi huu na kutojali mwezi uliopita. Kigeugeu jana alisema ndiyo, leo anasema hapana, na kesho hujui atasema nini. Asiyejali hasemi lolote, ukimuuliza anainua mabega. Mtu anayetajwa na neno hili la Kiingereza anasema ndiyo na hapana kwa pumzi moja, na zote mbili zinamtoka moyoni.

Mume wangu ameacha sigara mara tatu kwa hesabu yangu, mara tano kwa hesabu yake. Hununua pakiti, akavuta mbili, kisha zilizobaki akazivunja katikati moja moja na kuzitupa, akanawa mikono kama aliyetoka kumzika mtu. Siku ya pili ananunua nyingine. Kwenye droo ya upande wake wa kitanda kuna kiberiti na barua ya daktari wa mapafu, vimelala pamoja huu mwaka wa nne. Hajawahi kuniambia sigara ni nzuri. Hajawahi kunidanganya kwamba ameacha ilhali hajaacha. Kigeugeu yuko wapi hapo?

Neno lenyewe si la kale. Maneno mengi ya Kiingereza ya kusita yana mamia ya miaka, lakini hili lilitungwa na daktari, na mwaka wake unajulikana: 1910. Eugen Bleuler, tabibu wa magonjwa ya akili aliyeongoza hospitali ya Burghölzli mjini Zürich, Uswisi, kuanzia 1898 hadi 1927, ndiye aliyeliunda kwa Kijerumani, na Kiingereza kikalichukua kutoka kwake. Ni huyohuyo aliyetupa neno skizofrenia, jina la ugonjwa mmoja wa akili. Aliunganisha vipande viwili vya Kilatini: "ambi", yaani pande zote mbili, na "valentia", yaani nguvu. Aliyesoma kemia atakumbuka valensi, ule uwezo wa atomu kushikana na atomu nyingine. Mzizi ni uleule. Ukilipasua neno hili utafute ulegevu ndani yake, huukuti. Unakuta nguvu, tena pande mbili.

Bleuler alikuwa akieleza aliyoyaona wodini, na alitaja sura tatu za jambo hilo. Kuna la hisia: mtu anampenda na kumchukia mtu yuleyule. Kuna la fikra: anashikilia kauli mbili zinazopingana na haachi hata moja. Na kuna la utashi: mgonjwa anataka kula na hataki kula, kijiko kinapanda na kurudi, kinapanda na kurudi, bila kufika mdomoni. Hilo la kijiko ndilo lililonikaa kichwani, maana nimemwona mtu nyumbani kwangu akifanya hivyo na kiberiti.

Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyeanzisha tiba ya nafsi kwa mazungumzo, alilidaka neno hilo akaanza kulitumia mwaka 1912, na baada ya muda likatoka hospitalini likaingia majumbani. Leo Mwingereza analitumia hata kuhusu rangi ya mapazia. Na lilipofika huko likaanza kuchakaa. Wapo wenye lugha yao wanaosema "I'm ambivalent" wakimaanisha vyovyote itakavyokuwa na iwe, na wapo wanaolichanganya na "ambiguous", ambalo si la mtu hata kidogo. Hilo ni la maneno, la sheria, la jibu lisiloeleweka limeegemea wapi. Sisi tuna "tata" kwa kazi hiyo, na inatutosha. (Mtu mtata ni habari nyingine kabisa, na kila ukoo unaye wake.) Kwa hiyo simlaumu sana mfasiri wenu. Amelikuta neno limeshachokonolewa na wenyewe. Ila nina sababu ya kuling'ang'ania, nayo ni kwamba liliwahi kunitia aibu mbele ya mgonjwa.

Alikuwa mama mtu mzima, kisukari kimemshuka mguuni, vidole viwili vimekwisha kuwa vyeusi. Daktari mpasuaji, ambaye hakujua Kiswahili, alitaka kumkata chini ya goti. Asubuhi walizungumza kupitia kwangu karibu saa nzima. Mchana wanawe wawili wakafika, na daktari, akiwa mlangoni na mguu mmoja tayari nje, akawaambia kwa Kiingereza sentensi moja fupi: mama yao ni "ambivalent" kuhusu upasuaji. Wakanigeukia mimi. Mkalimani hapewi nafasi ya kwenda kufungua kamusi. Nikasema, "Mama yenu anasitasita."

Yule mkubwa alishusha pumzi kama mtu aliyetegemea habari mbaya zaidi. "Kama ni kusita tu, hilo tuachie sisi," akasema. Wakaingia chumbani wakaanza kumtia moyo. Mama, jikaze. Mama, wenzako wamekatwa na wanatembea. Mama, usiogope, sisi tupo. Na kadiri walivyomvuta upande wa kukatwa, ndivyo alivyozidi kuutetea mguu. Akasema bado una joto. Akasema jana usiku ulicheza. Akasema anamjua mtu aliyeambiwa hivyohivyo, akakataa, na hadi leo anao wake wote miwili. Asubuhi, mbele ya daktari, hakuwa ametamka hata moja kati ya hayo. Asubuhi alikuwa akiuliza kidonda kitachukua siku ngapi kupona na kama mguu wa bandia huuma. Wanawe walitoka wamekasirika, mama amegeukia ukutani.

Jioni kabla ya kuondoka nilimpitia. Hakugeuka. "Mwanangu," akasema, "uliwaambia nini watoto wangu?" Nikamwambia. Akanyamaza kitambo, kisha akasema maneno ambayo niliyaandika usiku uleule kwenye daftari langu la msamiati, na ninalo hadi leo:

"Mimi sikusita. Anayesita ni mtu aliyesimama. Mimi nataka kuishi kwa nguvu zangu zote, na mguu wangu siutoi, kwa nguvu zangu zote. Nimechoka kwa sababu najivuta huku na huku mwenyewe. Wewe ukaenda kuwaambia nimelegea."

Kilatini hakukijua. Lakini neno la Bleuler alilieleza yeye vizuri zaidi, bila kulisikia, kuliko nilivyolieleza mimi niliyekuwa nikilipwa kwa kazi hiyo.

Maadili ya kazi yetu yanasema mkalimani akikosea, aseme mwenyewe na waziwazi, asitengeneze kosa kimyakimya. Asubuhi yake nikamwomba daktari dakika moja, nikamweleza, kisha nikawaambia wale vijana: jana nilitafsiri vibaya, daktari alisema mama yenu anataka kupona na hataki kukatwa, vyote kwa pamoja na vyote kwa dhati. Mdogo akaniuliza, "Sasa tufanyeje?" Swali halikuwa langu kulijibu, nikalipeleka kwa daktari. Akasema, muulizeni habari za mguu. Wakamuuliza. Alizungumza karibu nusu saa, kuhusu mguu ule na mahali ulipompeleka tangu akiwa msichana, na mara hii wanawe hawakumkatiza. Alichoamua mwishoni ni chake na wanawe, sitakiandika gazetini.

Baada ya miaka kadhaa nikaja kuelewa kwamba yaliyotokea chumbani mle wapo walioyachunguza kwa makini. Mwanasaikolojia wa Marekani, William Miller, aliandika mwaka 1983 kuhusu namna ya kuzungumza na watu waliotekwa na ulevi, na mwaka 1991 yeye na mwenzake Stephen Rollnick wakatoa kitabu kizima juu ya njia hiyo. Wanachosema, kwa ufupi, ni kwamba kuwa na pande mbili ni hatua ya kawaida ya mtu anayeelekea kubadilika, si ugonjwa wala ukaidi. Ukija ukautetea upande mmoja kwa bidii, mwenzako anabaki na kazi ya kuutetea ule mwingine, na mtu huyaamini zaidi maneno anayojisikia akiyasema kwa kinywa chake. Mpe hotuba juu ya mapafu yake, atakujibu kwa hotuba juu ya babu yake aliyevuta hadi uzee. Kwa hiyo mshauri anauliza na kusikiliza, ili sababu za kuacha zitoke kwa mvutaji.

Hapo ndipo makala yenu iliponichekesha, Mhariri, samahani kwa kusema hivyo. Ilikuwa ikieleza njia hiyohiyo! Aya nne nzima zinamwasa daktari asimlaumu mvutaji, asimpe majina, asimwone dhaifu, kisha tafsiri inakuja kumwita mvutaji kigeugeu.

Najua mtasema Kiswahili hakina neno. Kiswahili kina maneno mengi mno, ila karibu yote yamebeba fimbo. Kusitasita, kuyumbayumba, kubabaika, kutapatapa: sikieni yanavyomchora mtu. Ukimwambia mtu mshika mbili moja humponyoka, au kwamba njia mbili zilimshinda fisi, humpi pole, unamcheka. Hata katika Biblia ya Kiswahili, Yakobo anamtaja "mtu wa nia mbili", maneno ambayo yangefaa kabisa kwa shida yetu, lakini palepale anaongezewa kwamba husita-sita katika njia zake zote, na fimbo imeshatua mgongoni. "Shingo upande" linakaribia, ila linamfaa mtu aliyekwisha kukubali huku moyo wake umekataa. Yule mama hakuwa amekubali wala kukataa. "Njia panda" nalo lina ubaya wake: kwenye njia panda unaweza kukaa chini, ukanywa maji, ukapumzika. Yeye alikuwa amechoka kwa sababu hakupumzika.

Kiingereza nacho kina ukoo mzima wa maneno haya, na kila moja lina picha yake, ndiyo maana siyo busara kuyamwaga yote kwenye kapu moja la "kusita". "Hesitate" mzizi wake wa Kilatini ni kunata, kama mguu uliokwama kwenye tope. "Vacillate" ni kuyumba, nalo na letu wangeweza kuitana ndugu. "Dither" hapo zamani lilikuwa kutetemeka. Ninalolipenda kuliko yote ni "shilly-shally", ambalo lilianza kama swali la mtu anayejiuliza mwenyewe, shall I? shall I? Katika tamthilia ya William Congreve ya mwaka 1700 bado lilikuwa halijaungana, limeandikwa "shill I, shall I", unasikia kabisa mtu akijinong'oneza. Sisi tunalo la namna hiyohiyo: nataka-sitaki. Nalo limetoka kwenye kinywa cha mhusika mwenyewe, na nalo tunalitumia kumdhihaki. Tunalo pia "kujishauri", ambalo nadhani ni zuri kuliko yote ya Kiingereza niliyoyataja, maana linampa mtu heshima ya kuwa na mshauri hata kama mshauri ni yeye mwenyewe. Angalieni pia jinsi lugha zote mbili zinavyopenda kulitamka jambo hili mara mbili, sita-sita, yumba-yumba, shilly-shally, kana kwamba ulimi nao unakwenda na kurudi.

Lakini anayejishauri bado anapima. Ana mizani mkononi, sahani zinapanda na kushuka, na ipo siku zitatulia. Mume wangu amekwisha kupima zamani sana. Anajua jibu la mizani, barua ya daktari iko kwenye droo. Tatizo lake halipo tena kwenye kupima.

Mnachotaka ni neno moja, najua, safu za gazeti ni nyembamba. Neno moja sina. Nimeona watu wakiandika "hisia kinzani", na kwa habari za mapenzi na misiba linafaa sana, ila kwa sigara na upasuaji naona linapwaya, kwa kuwa jambo limeshavuka hisia limefika kwenye utashi. Wataalamu wakilazimika kuwa na jina la kuweka kwenye vitabu vyao, hata "ambivalensi" nitaimeza kama tulivyoimeza valensi, mradi waieleze. Gazetini hamna haja nalo. Sentensi yenu ilikuwa "wavutaji wengi ni vigeugeu kuhusu kuacha". Maneno sita. Andikeni "wavutaji wengi wanataka kuacha na hawataki". Hesabuni, ni sita pia.

Mfasiri wenu akiogopa kwamba msomaji ataona sentensi inajipinga yenyewe, amwachie msomaji. Nimekaa miaka 19 katikati ya madaktari na wagonjwa, na sijamwona mgonjwa hata mmoja aliyeshangaa kuambiwa kwamba mtu anaweza kutaka na kutotaka. Walioshangaa ni jamaa waliokuja kutazama.

Ombi langu lingine ni dogo zaidi. Ile habari ya vijana "wasiojali" ndoa irudieni kuisoma kwa Kiingereza. Binti mmoja aliyehojiwa anasema anaiogopa ndoa kwa sababu ya aliyoyaona kwao, na kwamba kila akihudhuria harusi hulia kwa kuitamani yake. Kwa Kiswahili mmemfanya msichana asiyejali. Mama yake akisoma atasema nini?

Nimempa mume wangu barua hii aisome kabla sijaituma. Ameisoma hadi mwisho, akasema ile aya ya pakiti na droo inamwanika mno, niifute. Nikachukua kalamu. Akasema hapana, iache. Nikaiweka kalamu chini. Ameniita mara mbili tangu nianze kuandika sentensi hii, na sijaenda.

Wenu,
Mkalimani mstaafu